Mgahawa wa Mtori wa Tarakea na Mpishi Aliyeshuka Mlimani

Katika mji wa mpakani kama Tarakea, Muislamu anayeteremka kwenye basi akiwa na njaa haulizi kwanza bei ya chakula. Huuliza ni nani aliyechinja. Njia yote kutoka Himo, kupitia Mwika, Mkuu na Usseri, imejaa nyumba za kulia zenye harufu ya kuvutia, na nyingi kati ya hizo humuuzia mteja supu kwenye meza moja na bia kwenye meza ya pili, huku jikoni mbuzi na kitimoto wakigeuzwa juu ya makaa yale yale. Hatusemi haya kwa kuwadharau majirani zetu. Wengi wetu ni watoto wa mlima huu huu, tuna wajomba na mashangazi wanaopika mbege na wanaokunywa kisusio, ile supu inayotiwa damu ya mnyama, na tumeishi nao kwa kuheshimiana. Lakini kuheshimiana na jirani ni jambo moja, na kujua kilichomo ndani ya bakuli lako ni jambo jingine.

Makala hii inahusu mgahawa mmoja mdogo ulio mwendo wa dakika chache kutoka stendi. Una meza nane, chumba cha nyuma chenye pazia kwa ajili ya familia, na ubao mweusi uliowahi kuwa wa darasani, ambao huandikwa kwa chaki kila asubuhi. Mwenyewe ametuomba tusimtaje jina, yeye wala mgahawa wake. "Anayetaka kunipata atanusa," alisema.

Na kweli atanusa. Asubuhi kuna mtori na chapati. Mtori huo hupikwa kwa ndizi mshare na nyama yenye mifupa, vikachemshwa hadi ndizi zilainike, kisha zikapondwa kwa mwiko na kurudishiwa nyama iliyochambuliwa. Mke wa mpishi ndiye mwenye kazi hiyo, na huianza kabla ya adhana ya alfajiri. Mchana kuna machalari, kiburu, na wali kwa maharage. Jioni, hasa miezi ya baridi ya Juni na Julai, ubaoni huonekana chakula ambacho hatukupata kukiona kwingine hapa Rombo: supu ya vitunguu ya Kifaransa.

Tuanze na hiyo supu, maana ndiyo iliyotupeleka mbali. Mpishi huyu alifanya kazi ya kupikia watalii mlimani kwa miaka kumi na tisa. Mgeni mmoja Mfaransa, ambaye naye kwao alikuwa mpishi, aliingiza kichwa kwenye hema la jiko, akaonja kilichokuwa jikoni, akacheka na kusema kwamba sasa amefika kwenye bistro. Kesho yake akamfundisha kukaanga vitunguu kwa moto mdogo karibu saa nzima mpaka viwe na rangi ya asali, kuvitia mchuzi wa mifupa, na kufunika bakuli kwa kipande cha mkate mkavu na jibini. Wafaransa wengi huongeza mvinyo. Mpishi wetu aliuacha tangu siku ya kwanza na badala yake hukamua limau kidogo. Neno la yule mgeni alilihifadhi miaka yote bila kujua maana yake, na tulipomtembelea akatuuliza: "Ustadh, wewe umesoma. Bistro ni tusi au ni sifa?"

Tuliahidi kutafuta, na jawabu ni kwamba ni sifa. Bistro ni mgahawa mdogo wa mtaani wa Kifaransa: meza chache, mpishi mmoja anayejulikana, vyakula vichache vinavyoandikwa kwa chaki kulingana na kilichopatikana sokoni siku hiyo, na wateja ambao wengi wao ni wale wale kila siku. Neno lenyewe lilianza kuandikwa mjini Paris katika miaka ya 1880. Kuna hadithi inayopendwa na wengi kwamba lililetwa na askari wa Kirusi mwaka 1814, waliokuwa wakiwahimiza wahudumu wafanye haraka, lakini hadithi hiyo ina udhaifu mkubwa: ingekuwaje neno likae miaka sabini midomoni mwa watu bila mtu hata mmoja kuliandika?

Lililotushangaza zaidi ni habari za waanzilishi wa nyumba hizo. Wengi walikuwa watu wa mlimani. Katikati ya Ufaransa kuna nchi ya Auvergne, nchi ya baridi na milima iliyozaliwa na volkano zilizokwisha kulala, kama mlima wetu. Ardhi ilipowabana, vijana wake waliteremka Paris kwa maelfu katika karne ya 19. Walianza kwa kubeba maji na kuyapandisha ngazini, wakahamia kwenye kuuza kuni na makaa, kisha kwenye duka la makaa wakaweka meza moja au mbili na kuuza kinywaji. Mume alipokwenda kupeleka magunia kwa wateja, mke alibaki na kuinjika chungu cha nyama na mboga kwa ajili ya wanaosubiri. Waliendelea kuajiriana ndugu kwa ndugu na kijiji kwa kijiji, na mwaka 1882 wakapata hata gazeti lao la kila wiki, L'Auvergnat de Paris. Msomaji wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa zaidi. Ni nani asiyejua ni watu wa wapi wanaofungua maduka, bucha na nyumba za kulia Dar es Salaam, na ni barabara gani inayojaa magari kila Desemba?

Kwetu Afrika Mashariki neno hilo liliingia kwa mlango wa matajiri. Bistro iliyovuma ni ile ya Alan Bobbe, iliyofunguliwa mwaka 1962 mjini Nairobi, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Koinange, na watu wa kawaida waliisikia tu. Hivyo mtu wa hapa akilisikia neno bistro hufikiria vitambaa vyeupe na bei kubwa, wakati asili yake ni duka la makaa.

Hata neno la Kifaransa ambalo nusu ya dunia inalitumia kwa mgahawa, restaurant, hapo mwanzo lilikuwa jina la supu. Paris ya miaka ya 1760 iliuza mchuzi mzito wa nyama uliosemekana kurejesha nguvu za waliodhoofika. Kitenzi cha kurejesha nguvu kikaipa supu jina, na baadaye jina likahamia kwenye nyumba inayoiuza. Tulipofika hapa tulisita kidogo, kwa sababu jambo hilo tunalijua kwa majina mengine mawili. Katika Sahihi mbili imepokewa kwamba Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akiagiza talbina, uji mwepesi wa unga, ipikwe kwa ajili ya mgonjwa na mfiwa, kwa kuwa alimsikia Mtume, rehema na amani zimshukie, akisema kuwa huutuliza moyo wa mgonjwa. Na mlimani petu mama aliyejifungua hupewa mtori, siku baada ya siku, hadi damu imrudie usoni. Mke wa mpishi hutengeneza mtori wa wazazi bila pilipili na huupeleka nyumbani ndani ya hotipoti, kwa Waislamu na wasio Waislamu. Alituambia kwamba wateja wake waaminifu kuliko wote ni mabibi wenye wakwe wapya.

Kuna jambo jingine dogo la Kifaransa mezani hapo. Ni kahawa. Masufi wa Yemen waliinywa katika karne ya 15 ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1715 Wafaransa waliichukua miche yake Yemen wakaipanda kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion. Kutoka kisiwa hicho wamisionari wao wa Roho Mtakatifu walikuja pwani yetu, wakajenga Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1890 wakafika Kilema, ambako mibuni ilipandwa na kuenea mlimani. Ajabu ni kwamba mkulima wetu huuza kahawa yote na kunywa chai. Mgahawani hapa huikaanga wenyewe kwenye chungu na kuitwanga kwenye kinu, na wazee wa swala ya asubuhi wamekwisha kuizoea.

Sasa turudi kwa mpishi. Njia ya Rongai ya kupanda Kilimanjaro huanzia Nale Moru, upande wa kaskazini, si mbali na Tarakea, na vijana wengi wa hapa hupata riziki yao huko kama wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu. Mpagazi hatakiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Mpishi wetu alianza hivyo, na kilo zake zilikuwa sufuria, mtungi wa gesi na trei za mayai, maana kuwasha kuni ndani ya hifadhi ni marufuku. Msimu wa pili akawa mwosha vyombo, wa nne akashika mwiko.

Tulidhani kupika mlimani ni kama kupika nyumbani ila kwenye baridi. Alitusahihisha kwa subira. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Kibo, kwenye urefu wa takriban mita 4,700, huchemka kwenye nyuzi karibu 85. Maharage yatatokota siku nzima na kubaki mawe. Wali utakuwa na kiini kigumu. Ndiyo sababu mpishi wa mlimani hutegemea sufuria ya presha, au huchemsha kila kigumu huku chini na kukimalizia huko juu. Kambi ya Kibo haina maji, kwa hiyo kila kikombe cha chai kinachonyweka pale kimebebwa na mtu kutoka chini. Na juu ya yote, mgeni aliyefika urefu huo hana hamu ya kula. Kichwa kinamuuma na harufu ya mafuta inamchafua roho. "Pale ndipo unapojua kama wewe ni mpishi," alisema. "Mtu mwenye njaa hata nani atampikia. Mimi nilimpikia asiyetaka kula, na kesho yake alitakiwa apande mpaka Uhuru." Dawa yake ilikuwa supu laini kila jioni kabla ya kitu kingine chochote: ya karoti, ya boga, ya viazi. Tarakea inalima viazi na karoti nzuri, na anasema hakuwahi kupanda bila gunia la nyumbani.

Tulimuuliza kuhusu soseji za nguruwe, kwani wageni huziagiza asubuhi. Alikuwa na kisu chake, ubao wake na sufuria zake zilizofungwa uzi mwekundu, na hizo soseji alimwachia msaidizi asiye Muislamu. Wanazuoni wana maneno juu ya kazi ya namna hiyo, nasi hatutaufungua mlango huo katika ukurasa wa familia. Tunachosema ni kwamba jambo hilo lilimkera, na goti lilipoanza kumsumbua alilichukua kama ruhusa ya kushuka.

Akashuka na akiba yake, akapanga chumba, akanunua meza. Katika mwezi wa tatu akajiwa na mtu wa biashara ya bia. Masharti yalikuwa mazuri: friji bure, viti vipya, kuta zipakwe rangi, na faida ya kila kreti ambayo mtori hauwezi kuifikia. Bakuli la mtori ni shilingi 2,000, na ukitoa ndizi, nyama, mkaa na mshahara wa wasaidizi wawili, kinachobaki ni kidogo sana. Kila mwenye nyumba ya kulia barabarani hapa anajua kwamba chakula huleta watu na pombe huleta fedha. Alikataa. Alitukumbusha hadithi, ambayo sisi ndio tulioisoma darasani, ya Mtume kumkataza mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushiwa pombe. "Sasa mimi niwe mwenye meza?" alisema.

Ilitosha kuwa na mtihani huo. Lakini mwaka huu, wiki mbili baada ya Idi, likazuka neno msikitini kwamba nyama yake si halali. Halikutangazwa na mtu. Lilipita tu, kama yanavyopita maneno ya namna hiyo, kutoka ukumbi wa wudhu hadi darasa la akina mama. Kijana mmoja alimwona msaidizi wa mgahawa akitoka kwenye bucha linalochoma kitimoto. Ndani ya siku kumi meza za nyuma zilikuwa tupu, na familia mbili zilizokuwa zimeagiza chakula cha akika zilituma watoto kuja kusema wameahirisha.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya jikoni. Hatukubaliani nao. Mwaka 2013 suala la nani achinje lilizua vurugu Buseresere, mkoani Geita, na roho ya mtu ikapotea. Nchi yetu imekaa muda mrefu kwa desturi kwamba Muislamu achinje machinjioni ili kila mtu ale, na desturi isiyo na mlinzi ila kuaminiana huvunjika kwa neno moja. Kamati ikaona kuwa Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat, inayoamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu, inatuhusu sisi kabla ya wengine, ikateua watu watatu, nasi tukiwa mmoja wao.

Tulikwenda mara tatu bila kuaga. Mara ya kwanza tulikwenda machinjioni kabla ya jua kutoka, tukamwona mchinjaji, Muislamu tunayeswali naye, akitaja jina la Allah na kukata ipasavyo, na afisa mifugo akikagua na kupiga muhuri. Tulifuatana na nusu ya ng'ombe hadi bucha ambalo mpishi hununulia, na kutoka bucha hadi sufuria. Mara ya pili tulikwenda siku ya soko, watu wakiwa wengi na kishawishi cha kununua popote kikiwa kikubwa. Nyama ilipomwishia saa saba, alifuta machalari ubaoni na kuandika maharage. Mara ya tatu tulimuuliza msaidizi mwenyewe. Alicheka mpaka akashika meza. Siku ile mteja alitoa noti ya shilingi 10,000 kwa chai ya asubuhi, mgahawa haukuwa na chenji, na bucha lile lilikuwa limefunguliwa. Mwenye bucha, Mkristo, alithibitisha, akaongeza kuwa bado anadai shilingi 500.

Ripoti ilisomwa baada ya swala ya Ijumaa. Wapo waliorudi siku hiyo hiyo, na wapo ambao mpaka leo hupita mbele ya mlango wakitazama upande wa pili. Kwa hao tunasema: nyama ya mgahawa huu imefuatiliwa hatua kwa hatua kuliko nyama mnayokula harusini. Na yule mwenye shaka ana haki ya kuuliza, lakini amuulize mpishi uso kwa uso, jikoni kwake, ambako mlango uko wazi kutoka alfajiri hadi isha.

Tunalisisitiza hili kwa sababu nyumba za namna hii hufa kimya kimya. Ufaransa yenyewe ilikuwa na mabistro na mikahawa takriban 200,000 mwaka 1960. Leo inakadiriwa hayafiki 40,000. Hazikufungwa kwa amri ya serikali. Vijiji vilipungukiwa na watu, televisheni ikawabakiza watu nyumbani, chakula cha haraka kikawa rahisi, na waliobaki kuzisifu walikuwa wakizisifu bila kwenda kula. Mgahawa wetu una wateja wengi wasio Waislamu, madereva, walimu na wafanyabiashara wanaovuka kwenda Illasit na Loitokitok, na hao hawakutikiswa na uvumi. Wao ndio wanaoushikilia hadi sasa. Mwezi wa Ramadhani, ambapo hufunga mchana kutwa na kuwaambia hao wateja wema warudi magharibi, ndipo hulegalega zaidi. Ramadhani iliyopita aliuza futari tu: uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi, na mtori. Msikiti ulinunua sehemu kwa ajili ya wasafiri. Mwaka ujao kamati imekusudia kuagiza mapema zaidi, na tunaziomba familia zenye uwezo ziweke majina yao kwa mweka hazina kabla ya Shaabani kuisha.

Kodi ya chumba inamalizika mwisho wa Desemba na mwenye nyumba amekwisha kutaja bei mpya. Mpishi anasema ataamua hesabu ya Novemba ikifungwa. Kampuni moja ya watalii imemwambia kuwa goti lake linaweza kufika Kikelewa, hata kama halifiki Kibo. Tulipompelekea jawabu la swali lake alikuwa akimenya vitunguu. Tulimweleza habari za watu wa Auvergne, makaa yao na chungu cha wake zao. Akasikiliza mpaka mwisho, akamwita mkewe aje asikie, kisha akauliza kama watu hao walikuwa wakiwakopesha wateja. Tukasema bila shaka walikopesha. Akatikisa kichwa na kurudi kwenye vitunguu vyake, na jioni ile ubao ulisomeka: supu ya vitunguu, machalari, kahawa ya Rombo, mkopo kesho.